Kipupwe cha milima mitatu: kutoka ngazi za Dar hadi kilele cha Meru

Dar es Salaam haina mlima. Ina vilima vya Pugu, ina ule mpando wa Kimara ambao malori huupanda kwa kulalamika, na ina ngazi za maghorofa. Kwa hivyo vitatu tu, kundi letu la watu sita hujiandaa kila mwaka kwa ajili ya kipupwe, Juni hadi Agosti, masika yakiwa yamekwisha na vuli bado iko mbali. Hakuna mwanariadha kati yetu. Kuna fundi umeme, walimu wawili, muuguzi, mtu wa benki, na mimi ninayeuza vitenge Kariakoo.

Safari ni tatu. Mwishoni mwa Juni tunapanda Uluguru, Morogoro. Katikati ya Julai tunakimbia kwenye njia za Lushoto, milima ya Usambara. Mwishoni mwa Agosti tunakwenda Mlima Meru, mita 4,562, wa pili kwa urefu Tanzania. Watu huniuliza kwa nini tusiende Kilimanjaro moja kwa moja. Sababu ya kwanza ni pesa. Ya pili ni kwamba mtu wa pwani ambaye hajawahi kulala hata mita 2,000 hajui mwili wake utasema nini huko juu, na mita 5,895 ni mahali pabaya pa kwenda kuulizia.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kundi kama letu: watu wenye kazi, wenye watoto, wanaoanzia usawa wa bahari.

Kikao cha Aprili

Msinunue hata soksi kabla ya kikao. Makundi mengi ninayoyajua yaliyovunjika milimani yalivunjikia kwenye mambo ambayo yangemalizwa kwa chai na maandazi mezani kwa mtu. Kikao chetu huwa Jumapili moja ya katikati ya Aprili, na yanayokubaliwa yanaandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp ili baadaye asiwepo wa kusema hakusikia.

Anzeni na pesa. Mchagueni mtunza hazina mmoja, ikiwezekana yule ambaye hata kwenye michango ya harusi hasahau senti. Kila mtu atoe kidogo kidogo kuanzia Aprili, na tarehe ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya Meru. Kubalianeni pia: anayejitoa baada ya malipo ya hifadhi kufanyika hadai chake. Inauma kuisema, lakini inauma zaidi kuidai Septemba.

Halafu mwendo. Sheria yetu ni kwamba anayekwenda polepole zaidi ndiye anayetembea wa pili, nyuma ya mwongozaji, na nyuma kabisa anakaa mtu mwenye nguvu tunayemwita mfunga mlango. Mfunga mlango hampiti mtu hata kwa bahati mbaya.

Kisha saa ya kugeuka. Usiku wa kilele tunaanza saa saba usiku, na ikifika saa mbili asubuhi popote tulipo tunageuka, hata kama kilele kinaonekana. Na mtu mmoja akisema fulani ashuke, fulani anashuka bila mjadala. Kumsukuma mtu aendelee ni marufuku. Kwa nini naisisitiza hii nitaeleza tukifika Saddle, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kilele cha Meru.

Mwisho ni afya. Si lazima kila mtu atangaze maradhi yake mezani, lakini kila mtu amwambie muuguzi wetu faragha: pumu, presha, kisukari, ujauzito, dawa anazotumia. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande Meru kabisa. Hewa nyembamba ya juu inaweza kumwangusha vibaya. Mwenye kurithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja azungumze na daktari kwanza, na ajue kwamba wengi wanayo bila kujijua. Kipimo chake ni cha damu, na Aprili kuna muda wa kukifanya.

Wiki za ngazi

Tafuteni jengo la ghorofa kumi ambalo mlinzi wake ni mwelewa. Lina kama mita 30 kutoka chini hadi juu. Kutoka vibanda vya Saddle hadi kilele cha Meru kuna kama mita 1,000 za kupanda. Piga hesabu: ni jengo hilo mara 33 kwa usiku mmoja, kwenye baridi.

Jumanne ni siku ya ngazi. Wiki ya kwanza panda na kushuka mara nne, basi. Kila wiki ongeza mara moja au mbili hadi ufike kumi na tano, kisha anza kubeba begi lenye chupa za maji. Lifti ni mwiko, hasa wakati wa kushuka. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka mgeni wetu mmoja hupanda kishujaa halafu akashuka kwa lifti akipepea uso. Unaposhuka, misuli ya paja inavutika huku imebeba uzito wako wote, na hiyo ndiyo inayouma siku mbili baadaye hadi ukashindwa kukaa chooni. Chanjo yake ni kushuka, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki.

Alhamisi tunakimbia dakika 40, taratibu kabisa. Kipimo cha taratibu ni mdomo: kama huwezi kumsimulia mwenzako mechi ya jana ya Simba na Yanga, mabao yote, bila kukata pumzi, punguza. Wengi wetu hukimbia mbio za polepole kwa kasi kubwa mno, halafu siku ya kazi ngumu miguu imechoka.

Jumamosi ni siku ndefu, saa mbili hadi tatu. Ama Pugu, kwenye njia za msitu, ama ufukweni maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga mlaini unaofundisha vifundo vya miguu kushika mwili. Kila wiki ya nne fanya nusu ya yote haya. Mwili hujengeka ukiwa umepumzika.

Ukijisikia homa, pima malaria kabla ya kufikiria mazoezi. Na pima tena kama hujisikii vizuri wiki ya kusafiri. Kichwa kinachouma kwa malaria na kinachouma kwa mwinuko vinafanana, na mita 3,500 hakuna maabara.

Vifaa: mitumba kwanza

Duka la vifaa vya milimani lina bei zake. Lakini makoti ya baridi ya Ulaya yapo kwenye marobota ya mitumba, na Dar hakuna anayeyagombania kwa sababu nani atavaa koti la theluji Mbagala? Nenda asubuhi na mapema robota likifunguliwa. Tafuta koti la juu lisilopitisha upepo wala mvua, sweta la manyoya, na nguo za ndani za kubana. Fulana ya pamba iache nyumbani. Inanyonya jasho na kukaa nalo mgongoni kama kitambaa cha maji. Jezi ya mpira ni nzuri kuliko fulana yoyote ya pamba, hata ikiwa ya timu usiyoipenda.

Pesa yako halisi iweke kwenye viatu. Raba za njia za milimani zina meno chini. Chukua zilizozidi mguu kwa nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa kuwa mguu huvimba na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele. Zikimbie angalau wiki sita kabla ya safari. Kwa Meru raba hizo zinatosha watu wengi, ila kama vifundo vyako ni dhaifu kodi buti Arusha. Fimbo za kupandia, mifuko ya kulalia na glovu nene navyo tunakodi huko huko.

Taa ya kichwani kila mtu na yake, betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi huzimaliza. Simu vilevile. Vidonge vya kusafisha maji, chumvi ya kuongeza maji mwilini, plasta za malengelenge, paracetamol. Akina dada, bebeni pedi hata kama siku zenu bado; safari na mwinuko vina tabia ya kuvuruga kalenda. Wenzangu wawili wanaovaa hijabu wanadai wao kofia ya baridi hawaihitaji, na usiku wa Meru huwa tunawaonea wivu.

Juni: Uluguru

Treni ya SGR imeturahisishia mno. Mnapanda Ijumaa jioni Dar, mnakula chakula cha usiku Morogoro. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Morningside, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, ni kama mita 1,300. Mita 800 za kupanda, na mji wote uko chini ya macho yenu. Sehemu ya juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo mkitaka kuingia msitu wenyewe au kuendelea hadi Bondwa penye minara, fuatilieni kibali mapema siku za kazi na mchukue kijana wa pale awaongoze. Njia za mashambani zinagawanyika kila baada ya hatua mia.

Anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii hakuna kukimbia wakati wa kupanda, hata kidogo. Mnajifunza kutembea. Hatua fupi, unyayo wote chini, mikono inasukuma mapaja pale njia inaposimama wima. Kama unapumulia mdomo na kuhema, mwendo si wako, umeazima. Kila dakika 30 kila mtu ameze kitu, hata kama hana njaa: tende tatu, nusu ya ndizi, kipande cha kashata. Maji kama nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali. Tumeijaribu mihogo ya kukaanga na ni mizuri hadi saa ya pili, kisha inakaba.

Kuna adabu ya njia ambayo wakimbiaji wa mjini huisahau. Mtakutana na akina mama wa Kiluguru wanashuka sokoni, kichwani ndizi au karoti, mgongoni mtoto, miguuni kandambili, na wanashuka kwa kasi inayokuaibisha wewe na raba zako. Yeye ndiye mwenye njia. Simama, sogea upande wa mlima, siyo upande wa korongo, ili akikugusa usidondoke, kisha salimia. Mara ya kwanza tulipita tukikimbia bila salamu. Bibi mmoja akasimama, akashusha mzigo, akauliza, "Wanangu, kuna msiba wapi?" Tangu siku hiyo tunasema shikamoo hata pumzi ikiwa imetuishia.

Siku ya pili tembeeni kidogo tu, muone miguu inasemaje, mrudi Dar. Jumatatu kila mtu aandike kwenye kikundi palipomuuma. Panapouma kote ni kawaida; panapouma mahali pamoja tu, goti moja au kisigino kimoja, papelekwe kwa mtaalamu kabla ya Julai.

Julai: Lushoto, kujifunza kushuka

Basi linaacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kona za kilomita 33, Soni katikati, hadi Lushoto, kama mita 1,400. Julai asubuhi kuna ukungu na baridi ya kutosha kukumbusha kwa nini ulinunua sweta. Kaeni siku nne mkiweza. Nyumba za wageni ni nyingi, mboga ni tamu, na ardhi ni nyekundu ile inayoteleza kama sabuni hadi jua liikaushe, yapata saa nne.

Siku ya kwanza kimbieni kwenda Irente na kurudi. Njia ni pana, vijiji viko kando, na mwisho wake mwamba unakatika ghafla, tambarare ya Mombo na Mazinde imetandazwa chini kama mkeka. Siku ya pili ni Hifadhi ya Magamba, kwa kibali na mwongozaji, ndani ya msitu wenye mbega weusi kwa weupe. Siku ya tatu pumzikeni. Siku ya nne chagueni kilima kimoja na mkirudie mara tatu, kwa ajili ya kushuka tu.

Kushuka ndilo somo la Lushoto, na nitakaa hapo kidogo.

Kwanza kamba za viatu. Angalia raba yako: juu kabisa, karibu na kifundo, kuna tundu la ziada ambalo hujawahi kulitumia. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande ule ule ilikotokea, bila kuvuka, iache kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa vusha kila kamba na kuipitisha ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, kisha funga kama kawaida. Kisigino kinakamatwa, mguu hautelezi mbele, kucha zinapona. Mtu wetu wa benki alipoteza kucha mbili mwaka wa kwanza. Tangu ajifunze fundo hili hajapoteza nyingine.

Pili, macho. Usiangalie unapokanyaga, angalia hatua tatu au nne mbele, mguu utakumbuka wenyewe. Tatu, hatua fupi za haraka, kama unapita jikoni kwenye sakafu yenye maji. Anayeshuka kwa hatua ndefu anapiga breki kila hatua, na breki hizo zinalipwa na magoti. Egemea mbele kidogo kutoka vifundoni. Woga hukurudisha nyuma, ukirudi nyuma kisigino kinatangulia, kisigino kikitangulia unakaa chini, na udongo wa Lushoto hautoki kwenye suruali.

Kwa kundi, wakati wa kukimbia acheni nafasi ya kama mita tano kati ya mtu na mtu. Kila njia panda wa mbele anasimama hadi mfunga mlango afike. Kila njia panda, hata ile inayoonekana wazi. Tuliwahi kumsubiri mwalimu mmoja dakika 50 kwa sababu "ilionekana wazi", kumbe alishafika kijiji kingine na amekaribishwa chai.

Agosti: Meru

Mlima Meru uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Vibanda na viingilio lipieni mapema kupitia wakala aliyesajiliwa au hifadhi yenyewe, kwa namba ya malipo au kadi; msiende langoni na pesa mkononi. Kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA, kwa sababu bei ya raia wa Tanzania iko mbali sana na ya mgeni. Kutoka Dar hadi Arusha ni siku nzima ya basi, kwa hiyo laleni mjini usiku mbili. Arusha yenyewe iko karibu mita 1,400 na kulala huko kunasaidia.

Jambo moja wakala asipolisema liulizeni: mtu mmoja akiugua, nani anashuka naye? Kundi lote linatembea na askari mwenye bunduki, maana njia ya chini ni ya nyati, twiga na tembo, na hakuna anayeruhusiwa kujitembelea. Tunalipia mwongozaji wa pili kila mwaka, hata kama bajeti inalia.

Kukimbia hapa hakuna. Mnakwenda nyuma ya askari, mnanyamaza anaponyamaza.

Siku ya kwanza, kutoka lango la Momella, kama mita 1,500, hadi Miriakamba, kama mita 2,500. Kuna njia fupi na ndefu. Pandeni kwa ile ndefu inayopita chini ya mkuyu ulioachana katikati kama mlango, mtashuka kwa fupi. Siku ya pili hadi vibanda vya Saddle, kama mita 3,570, mwendo wa saa tatu hivi. Mkishakula, alasiri pandeni Meru Ndogo, mita 3,820, mkae robo saa juu, kisha mrudi mlale chini yake. Mwili unapewa taarifa. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni kurukia mara mbili ya hapo, kwa hiyo tukiwa na pesa ya siku moja ya ziada tunalala Miriakamba usiku mbili. Ningekata kila kitu kingine kwenye bajeti kabla ya kuikata siku hiyo.

Kileleni kila pumzi inakupa chini kidogo ya asilimia 60 ya oksijeni unayoipata Coco Beach. Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya chakula na kulala kwa kushtuka ni mambo ya kawaida; kunywa maji, pumzika, usipande zaidi hadi yapungue. Kuna dawa ya acetazolamide inayousaidia mwili kuzoea. Mwulize daktari Dar, siyo mwenzako Saddle, na mtajie kama una mzio wa dawa za salfa. Pombe na dawa za usingizi hapana. Sasa zile dalili za kushuka saa hiyo hiyo, hata iwe usiku: kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba, kuchanganya maneno.

Mwaka wetu wa kwanza fundi wetu aliniambia Saddle kwamba kichwa kinamuuma. Nikamjibu, "Jikaze kaka, kila mtu kinamuuma." Saa nane na kitu usiku tulikuwa Rhino Point, kati ya Saddle na kilele. Alikuwa anajaribu kufunga zipu ya koti. Vidole vinaifikia, vinapita pembeni, vinarudi, vinapita tena. Na yeye anacheka. Mimi nami nikacheka. Mwongozaji hakucheka. Akamulika tochi chini, akamwambia atembee kutoka jiwe hili hadi lile, kisigino mbele ya vidole. Hatua tatu, akaenda upande kama mtu anayetoka kilabuni. Mwongozaji akanigeukia mimi, siyo yeye: "Dada, huyu anashuka, na anashuka sasa hivi." Wakashuka wawili hadi Saddle, wakapitiliza bila kukaa hadi Miriakamba. Tulipomkuta huko mchana alikuwa anadai chai ya pili. Angeendelea kunisikiliza mimi, sijui ningemwambia nini mkewe.

Ndiyo maana kile kipimo cha kutembea mstari tunafanyiana wote kabla ya kuondoka Saddle, na tena Rhino Point, hata anayejiona simba.

Usiku wenyewe unakwenda hivi. Saa sita mnaamshwa. Uji na chai ya tangawizi, hata kama koo linakataa. Vaeni kidogo pungufu ya mnavyotaka. Dakika kumi mtapata joto. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi sita, kwa hiyo Dar ikiwa nyuzi 20, kileleni ni chini ya sifuri kabla hujahesabu upepo. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini ndani ya begi, kwani barafu huanzia juu na hivyo mdomo hauzibi. Mirija ya maji ya begani inaganda, msiitegemee. Baada ya Rhino Point mnavuka mwamba mtupu, hapo fimbo zinafungwa begini na mikono inafanya kazi, kisha mgongo mrefu wa majivu na mawe, kreta, lile shimo la volkano, ikiwa kushoto kwenu. Msisimame zaidi ya dakika tano. Jasho linakuwa barafu.

Karibu na mwisho kuna vilele vya uongo vitatu au vinne. Usimwulize mwongozaji "bado?" Atasema dakika 20. Amekuwa akisema dakika 20 tangu saa kumi.

Kilele chenyewe kinaitwa kilele cha Ujamaa. Jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, na chini ya miguu yenu, ndani ya kreta, kuna kile kichuguu cha majivu cheusi. Mlima huu ulicheua kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Pigeni picha, kuleni, nusu saa inatosha. Mna mita 2,000 za kushuka leo hiyo hiyo hadi Miriakamba, na hapo ngazi za Jumanne zinalipa deni. Fungeni kamba upya kabla ya kuanza kushuka. Ajali nyingi ndogo tulizoziona, vifundo na viganja, zilitokea mchana, watu wakiwa wameshafurahi.

Mkishashuka

Takrima ya waongozaji, askari, mpishi na wapagazi iandaliwe kabla ya safari, kila mmoja na bahasha yake, mkabidhi mkononi mwa mhusika mbele ya wote. Usimpe mmoja awagawie wenzake. Nguo za baridi ambazo hamtazitumia tena waulizeni wapagazi kama wanazihitaji.

Siku kumi za kwanza hakuna kukimbia. Tembeeni, kuleni, mlale. Kikohozi au homa isiyoisha ndani ya siku mbili ipelekwe hospitali, na mwambieni daktari mlikuwa wapi.

Raba zioshwe kwa mkono na zikaushwe kivulini, zijazwe magazeti. Mtunza hazina aweke hesabu kwenye kikundi ndani ya wiki moja. Mwaka jana zilibaki shilingi 14,500. Tulizila Coco Beach, mihogo na pilipili, Jumapili iliyofuata, watu wote sita, na mwalimu mmoja bado alikuwa anashuka ngazi za daladala kinyumenyume.